Kibuyu cha Baba Karimi

Juzi gurudumu la gari langu lilipata pancha karibu na soko la Embu, nikalipeleka kwa kijana mmoja anayefanya kazi yake chini ya mwavuli uliopauka. Alilitumbukiza kwenye karai la maji ya sabuni, akalizungusha polepole, kisha akatega sikio. Mimi nilikuwa nimeketi juu ya jerikeni lililopinduliwa, nina haraka zangu, natazama saa. Mara nikasikia sauti ndogo, kama mtu anayepumua kupitia pengo la jino, na vipovu vikatokea juu ya maji. Kijana akainama na kusogeza shavu lake karibu na mpira ili ahakikishe. Hapo shavu langu mwenyewe likapata ubaridi, nikajikuta niko Kanja, mtoto wa darasa la tatu, nimepiga magoti kwenye jivu na kukumbatia kibuyu kama mtu anayeaga ndugu.

Niliishi Kanja kwa Cucu na Guka, maana hivyo ndivyo tunavyowaita bibi na babu kwetu Embu. Mama yangu alikuwa akifanya kazi mjini, akija mwisho wa mwezi na mkate na sabuni. Nyumba ya Cucu ilikuwa kati ya kahawa na migomba, na jikoni kwake hapakuwa na bomba la moshi, kwa hiyo kila kitu, hata daftari zangu za shule, kilinuka moshi na nta. Guka alijulikana kwa pombe ya muratina. Aliipika kwa asali na maji, akiichachusha kwa yale matunda marefu yaliyokaushwa, na ilipokuwa ikichacha pembeni mwa moto ilinong'ona usiku kucha mpaka nikawa siwezi kulala nikienda kwa mama mjini, kwa sababu kule kulikuwa kimya.

Cucu hakuonja hata tone. Alikuwa wa kina mama wa kanisa, kitambaa cheupe kichwani kila Jumapili, na wenzake walimtania kwamba anasali kwa mdomo na kumhudumia shetani kwa mikono. Vibuyu, unaona, vilikuwa kazi yake. Mama yake alimfundisha kuviziba, na kabla ya harusi yoyote upande ule wa Kanja watu walimletea vyao avikague. Alipotaniwa alijibu tu, "Mimi naziba matundu. Kinachotiwa ndani ni shauri la Guka."

Kukagua kulikuwa hivi. Kwanza kibuyu kililowekwa, maana kikavu sana hupasuka. Kisha tulikijaza maji mpaka shingoni, tukakiziba kwa gunzi, tukakipangusa kwa kitambaa mpaka nje pakauka kabisa. Cucu alikuwa na uteo mkubwa uliojaa jivu laini, lililochekechwa kama unga wa uji. Tulikikalisha kibuyu humo, tukakipaka jivu mwili mzima, halafu tukangoja. Mahali palipovuja, hata kama tundu lilikuwa dogo kuliko jicho la dumuzi, jivu lilibadilika rangi. Kwanza lilikuwa la kijivu zaidi, halafu likawa jeusi. "Angalia jivu," Cucu aliniambia kila mara, kwa sababu nilikuwa na tabia ya kumwangalia yeye nijue anafikiri nini. "Usiangalie uso wangu."

Baada ya jivu ilikuja zamu yangu. Niliweka shavu kwenye kila kibuyu, chini, ubavuni, shingoni. Kidole cha mtu mzima kina ngozi ngumu ya jembe, Cucu alisema, lakini shavu la mtoto linasikia unyevu kabla haujaonekana. Kilichovuja alikipasha moto kidogo, akayeyusha nta iliyochanganywa na masizi, akaisukuma ndani ya ufa kwa ncha ya kisu chenye moto, akaikwangua, kisha tukaanza upya: maji, jivu, shavu. Hakuna kibuyu kilichotoka mikononi mwake bila kujaribiwa mara ya pili. Kilichomshinda alikivunja mwenyewe kwa kisigino, asije mtu akakiokota na kusema kilitoka kwa Mama Nyaga, maana hivyo ndivyo watu walivyomwita Cucu.

Niseme na jambo lingine, lisije likaonekana geni baadaye. Mimi sikuweza kunyamaza. Haikuwa ubaya, ilikuwa kama kikohozi. Nilimwambia mchungaji kwamba Cucu huhesabu maboriti ya paa mahubiri yakiwa marefu. Nilimwambia Guka mahali Cucu anapoficha sukari. Nilikuwa nikiulizwa jambo moja najibu matatu, na uwongo ulinishinda kabisa, si kwa sababu ya wema bali kwa sababu sikuwa na subira ya kuutunga. Jirani wakitaka kujua habari za nyumba yetu waliniita waninyoe nywele.

Basi mwaka huo mjomba wangu Nyaga, kitinda mimba wa Cucu, alitangaza kwamba amepata mchumba. Alikuwa dereva wa pikapu upande wa Meru, na msichana aliitwa Karimi, wa Laare, kule milima ya Nyambene kunakolimwa miraa. Guka alifurahi kama ndiye anayeoa. Alianza kutafuta asali wiki hiyohiyo. Mazungumzo ya wazee yakafanyika, wajumbe wakaenda na kurudi, siku ikawekwa. Tungepeleka mbuzi, blanketi, sukari, na vibuyu vya muratina. Kati ya vibuyu hivyo kimoja kilikuwa na jina: kibuyu cha Baba Karimi. Kilikuwa kikubwa, cheusi kwa miaka mingi ya moshi, na kamba yake ilishonwa shanga. Guka alinieleza kwa fahari kwamba siku hiyo mtu wa kwanza kunywa ni baba wa msichana, kutoka kibuyu chake, pembe nzima ya ng'ombe ya kunywea, mbele ya wazee wote. Asiponywa yeye, hakuna anayelowesha mdomo.

Siku chache kabla ya safari alikuja mgeni. Ilikuwa asubuhi, Guka amekwenda kiwandani na kahawa. Nilimkuta mwanamke ameketi jikoni kwenye kigoda changu, amejifunga leso juu ya gauni la kutokea, viatu vyake vimejaa vumbi jekundu. Alizungumza na Cucu polepole, akichanganya Kiswahili na lugha iliyokaribia Kiembu lakini haikuwa Kiembu. Nilipoingia wote wawili walinyamaza. "Huyu ni mama wa mbegu," Cucu alisema. "Ameleta maharagwe. Nenda uniletee kuni." Kweli palikuwa na kikapu cha maharagwe miguuni pake. Nilileta kuni kavu kutoka ghalani, na niliporudi nilimwona mama wa mbegu akijifuta macho kwa pindo la leso, na Cucu amemshika mkono kama wanavyoshikana watu kanisani. Nilidhani ni moshi. Nilidhani pia kwamba maharagwe yale lazima yalikuwa mazuri sana.

Siku iliyofuata tulikagua vibuyu vya safari. Vyote vilikuwa vizima, isipokuwa kile chenye shanga. Chini kabisa, pale kinapokalia, jivu liligeuka jeusi, doa la ukubwa wa shilingi. Niliweka shavu, likalowa. Nilijisikia bingwa.

"Cucu, hiki kinavuja."

Aliinama, akatazama kwa muda mrefu kuliko kawaida. Nikaanza kupuliza moto ili nta ipashwe, kwa kuwa hiyo ndiyo ilikuwa hatua inayofuata na nilipenda kuona kisu kikifuka moshi. Lakini Cucu alimega kipande cha nta baridi kutoka kwenye bonge, akakifinyanga kati ya vidole, akakibandika juu ya tundu na kukigandamiza kwa dole gumba. Hakukipasha. Hakukikwangua. Akakigeuza kibuyu, akakiweka pamoja na vile vizima.

"Hatujakijaribu tena," nilisema.

"Hiki kimetosha."

"Lakini Cucu, nta ni ya baridi."

"Umeiona, sivyo?"

"Nimeiona."

"Umeniona nikipaka?"

"Ndiyo."

"Basi vizuri," akasema, akaniambia nikaoge.

Nilioga nikiwa nimechanganyikiwa. Fikiria umemwona mwalimu wako wa hesabu akiandika ubaoni kwamba mbili na mbili ni tano, halafu anafuta ubao na kuwaruhusu mwende nyumbani. Ndivyo nilivyojisikia. Nilitaka kumwambia Guka, lakini Guka alikuwa akichuja pombe na wazee wenzake, na walinifukuza kwa sababu nilikuwa nikikanyaga majani ya migomba waliyotandika chini.

Tuliondoka alfajiri kwenye pikapu ya tajiri wa mjomba, baridi ya Kanja bado imeshika majani. Wanaume wakakaa mbele na kwenye pikapu nyingine iliyotutangulia. Sisi wanawake tulikaa nyuma juu ya magunia, tukiimba. Cucu alinivika gauni langu la njano la Krismasi, akanikalisha kwenye kona, na kibuyu cha Baba Karimi akakiweka katikati ya miguu yangu. "Wewe ndiye mlinzi," alisema. Nilijivuna mpaka Runyenjes. Chuka nilikuwa nikisinzia. Tulipoteremka kwenye mabonde kabla ya kupanda tena kuelekea Meru, jua lilikuwa kali, bati la pikapu lilichoma mikono, na mimi nililala fofofo, kibuyu nimekikumbatia, kichwa mapajani kwa Cucu.

Nilipoamka tulikuwa tumeshapita Maua. Hewa ilikuwa baridi tena, na miti ya miraa ilisimama pande zote za barabara, midogo na yenye magome mekundu. Na gauni langu lilikuwa limelowa kuanzia kiunoni mpaka chini.

Nilikuwa nina miaka tisa, darasa la tatu, na nilikuwa mlinzi. Mtu wa aina hiyo hajikojolei. Nilikaa kimya, labda kwa mara ya kwanza maishani mwangu, nikijiuliza nimekunywa nini asubuhi. Kilichonishangaza ni kwamba mkojo wangu ulinuka vizuri. Ulinuka asali. Cucu alinitazama, akavua leso yake begani na kunifunika magoti, nami nikamshukuru moyoni kwa kunificha.

Kwao Karimi palikuwa na watu wengi. Boda boda zilikuwa zimeegeshwa langoni, zimefungwa mabunda ya miraa ambayo hata sherehe haikuweza kuyasimamisha. Wanawake walitoka kutupokea kwa vigelegele, na aliyekuwa mbele yao, mama wa msichana mwenyewe, alikuwa mama wa mbegu.

"Cucu," nikasema kwa sauti, "si ni yule mama wa mbegu?"

"Salimia watu," Cucu alisema.

Mama wa mbegu alimpa Cucu mkono. "Karibu, mama," alisema. "Safari ilikuwaje? Nafurahi kukuona kwa macho hatimaye."

"Hata mimi," Cucu akajibu. "Nimekusikia kwa Nyaga tu."

Niliwatazama mmoja baada ya mwingine. Guka alicheka, akamwambia mtu wa karibu kwamba mtoto amechoshwa na safari. Nami nikaanza kuamini hivyo. Labda nilikuwa bado nimelala pale Chuka.

Wazee waliketi uwanjani, wa kwetu upande mmoja, wa kwao upande mwingine. Kimeru chao nilikisikia kama Kiembu kinachosemwa na mtu mwenye chakula mdomoni. Nilishika neno hapa nikakosa pale, na walipoona hawaelewani waligeukia Kiswahili. Baba Karimi alikuwa mtu mwembamba aliyevaa koti lililomzidi, kana kwamba lilishonwa akiwa mnene. Macho yake yalikuwa na umanjano. Hakusema chochote. Aliyesema kwa niaba yake alikuwa kaka yake mkubwa, mzee mrefu wa sauti nzito, na ndiye aliyeletewa kibuyu cheusi pamoja na pembe.

Alikiinua. Mkono wake ulipanda haraka mno, kama unavyoinua ndoo uliyodhani imejaa. Akakitikisa kando ya sikio.

"Hiki ni chepesi," alisema.

Akamimina kwenye pembe, ikatoka pombe kidogo ya kufunika kitako cha pembe, basi.

"Inaonekana wageni wetu walishikwa na kiu njiani," alisema, na hakutabasamu. "Wakanywa cha mwenye msichana."

Wazee wa upande wake waliguna. Mmoja alisimama na kuanza kukunja blanketi lake. Mjomba Nyaga alitazama viatu vyake, na mlangoni nilimwona Karimi, ambaye mpaka hapo nilikuwa nimemwona kwenye picha tu, ameshika fremu kwa mikono miwili. Guka alisimama.

"Sisi si watu wa kunywa cha mtu," alisema. Kisha akageuka upande wa wanawake. "Mama Nyaga. Kibuyu hiki ulikikagua?"

"Nilikikagua," Cucu alisema, ametazama chini. "Kilivuja kidogo kitakoni, nikakipaka nta. Mjukuu wangu Igoki alikuwepo. Muulizeni."

Nikaitwa. Nilitembea mpaka katikati ya uwanja nikiwa nimeshikilia ile leso kiunoni kwa mikono yote miwili.

"Mtoto," yule mzee mrefu aliniambia, "sema ulichoona. Usiogope."

Nikasema. Nilianza na jivu, nikaeleza doa jeusi lilivyokuwa, na shavu langu. Nikasema Cucu alipaka nta. Na kwa kuwa nilishindwa kuishia hapo, nikasema pia kwamba nta haikupashwa moto, kwamba vibuyu vingine vyote hupashwa, kwamba nilimwambia hatujakijaribu tena naye akasema kimetosha. Nilimwona Guka akimtazama Cucu kwa jicho ambalo hakuwahi kumtazama nalo. Wanawake wa kwetu walishika midomo. Nilijua nimemsema Cucu wangu mbele za watu, nikamtazama uso licha ya mafundisho yake yote, na yeye akaitikia kwa kichwa, polepole, kana kwamba nimesoma vizuri kitabuni.

"Na njiani?" mzee aliuliza. "Nani alinywa?"

"Sijui. Nililala." Kisha ile hali yangu ikanishinda kabisa. "Lakini mimi nilijikojolea."

Mtu mmoja alikohoa. Mzee mrefu alisogeza leso pembeni kwa fimbo yake, akaona gauni, akainama mpaka magoti yakalia, akanusa. Aliponyanyuka uso ulikuwa umebadilika.

"Huyu mtoto," aliwatangazia, "amekojoa muratina."

Kicheko kilichofuata nilikichukia kwa miaka mingi. Wazee walijipiga mapaja. Yule aliyekuwa akikunja blanketi akaliweka chini. Hata Guka, midomo yake ikacheza, ingawa hakumtazama tena Cucu. Ikawa wazi kwa kila mtu: nta ililegea juani, pombe ikachuruzika juu ya mlinzi aliyelala. Hakuna aliyeiba. Palikuwa na mwanamke mzembe tu, na jambo hilo linasameheka kwa mbuzi mmoja wa faini.

Mtu wa kwetu akataka pembe ijazwe kutoka kibuyu kingine. Mzee mrefu akakataa, akasema cha mkwe hakikopwi kwa wengine. Hapo Baba Karimi akafungua mdomo kwa mara ya kwanza.

"Mtaniletea asali," alisema. "Kabla ya pombe wazee wetu waliletewa asali. Leo nipeni soda, na wengine wanywe."

Aliletewa soda. Aliishika chupa kwa mikono miwili na kutoa pumzi ndefu, kama mtu aliyetua gunia la viazi.

Mama wa mbegu alinichukua jikoni kunibadilisha nguo. Alinipa gauni la mdogo wake Karimi, kubwa, lenye mfuko mmoja. Nililia, nikamwambia nimemsema Cucu. "Umesema ulichokiona," alinijibu. Akalichukua gauni langu la njano, akalikamua juu ya majivu ya jiko, akalikamua tena hata baada ya kuacha kutoa kitu, machozi yanamtiririka na huku anacheka bila sauti. Nilimtazama na kuamua kwamba watu wa Laare wako hivyo.

Nyumbani nilingoja kuchapwa. Badala yake Cucu alinichomea ndizi. Nilimuuliza kwa nini hakupasha nta.

"Kuni zilikuwa mbichi," alisema.

Kuni nilizileta mimi mwenyewe. Zilikuwa kavu mpaka zilikuwa zikilia. Lakini hakunipa nafasi ya kusema hivyo, aligeukia sufuria.

Karimi aliolewa na mjomba, na Guka mwenyewe alipeleka asali, kwenye debe la bati lenye kifuniko cha kubana. Nilikua. Lile jambo nililibeba likiwa limefungwa vilevile, kama kifurushi ambacho hujui cha nani. Mwaka juzi nilikwenda Laare na mjomba na Karimi kumsalimu Mama Karimi, ambaye sasa ni mzee sana. Mumewe alikuwa ameshatangulia, amekufa akiwa na mvi na wajukuu. Tulikuwa tunachambua maharagwe, sisi wawili tu, nikamwambia kwa mzaha kwamba mimi humkumbuka kama mama wa mbegu. Aliweka uteo chini.

Aliniambia kwamba mwaka ule Baba Karimi alikuwa ametoka hospitalini. Ini lilikuwa limeharibika kwa pombe. Daktari alisema akirudia, hata kidogo, hatamaliza mwaka. Alikuwa ameacha, anahangaika, usiku anatetemeka kwenye blanketi, na hakutaka ndugu zake wajue. Kwao mwanamume aliyekatazwa pombe ni mwanamume aliyekwisha. Mbele ya wazee wale asingeweza kukataa pembe. Angekunywa, na angekunywa ya pili. Mke wake akaona hana wa kumwambia ila mwanamke mwingine, akapanda magari mawili mpaka Kanja na kikapu cha maharagwe.

"Nilimwomba asije na pombe," Mama Karimi alisema. "Akaniambia hilo haliwezekani, mzee wake hatakubali bila kuelezwa, na akielezwa atawaeleza wenzake. Akafikiri. Akaniambia, nenda nyumbani, itakuja na haitafika."

Nikamuuliza lililoniuma zaidi. Kwa nini mimi. Kwa nini Cucu alinipa mimi kibuyu, kwa nini aliniita mbele ya wazee, wakati alijua mdomo wangu.

"Ndiyo sababu," alisema, kana kwamba ni jambo dogo. "Alisema, watadhani tumeiba, na sisi wakubwa hawatatuamini. Lakini nina mtoto ambaye hawezi kudanganya. Nitapaka mbele yake, na atasema."

Niliendelea kuchambua maharagwe. Sikujua nicheke au nikasirike, na mpaka leo nikiwasimulia ninyi bado sijaamua. Nilitumiwa. Na kila nilichosema kilikuwa kweli.

Lakini kuna jambo Mama Karimi hakulijua, kwa sababu lilitokea Kanja. Baada ya safari ile watu waliacha kumletea Cucu vibuyu vyao. Habari zilienea, na sehemu kubwa nilizieneza mimi, kila niliponyolewa nywele. Walivipeleka kwa mwanamke mwingine ng'ambo ya mto. Guka naye alianza kukagua vyake mwenyewe, nyuma ya ghala, kwa mikono yake mikubwa isiyojua kazi hiyo. Alijaza jivu lisilochekechwa, akaunguza nta, akapasua shingo. Cucu alimchekechea jivu na kumletea maji, akaketi kando yake kwenye gunia, mikono mapajani. Siku moja Guka alimwambia, bila ukali, "Siku hizi macho yako yamechoka, Mama Nyaga." Alikuwa ameweka kisu mahali pasipo na ufa, na ufa ulikuwa upande wa pili, tukiuona wote wawili, mimi na Cucu. Nikafungua mdomo. Cucu akaniwekea mkono gotini.

"Yamechoka, ndiyo," alisema, akamsogezea nta.